Kutazama Malisho Kabla ya Kuhama: Vijana wa Sericho na Safari ya Chuo

Mfugaji wa Kiborana wa bonde la Waso hahamishi mifugo yake kwa kusikia tu. Mvua ikinyesha mbali, na wasafiri wakaleta habari ya kwamba upande fulani majani yameota, wazee wa dedha, ambao ndio wenye kauli katika mambo ya malisho na maji, huketi kwanza wakateua watu wawili watatu wenye macho na busara, wakawatuma waende wakatazame. Na kazi hiyo ya kwenda kutazama, iitwayo aburu, ina adabu zake na maswali yake, kwani anayerudi huulizwa majani ni ya namna gani na yatatosha siku ngapi, maji ni ya mto au ya kisima, na kisima hicho kina mwenyewe au hakina, kuna kupe na maradhi gani, njia ina amani au haina, na majirani watakaokutwa huko ni watu wa tabia gani. Hapo ndipo kundi huondoka. Lakini mfugaji huyohuyo, mwanawe akimaliza kidato cha nne na kupata alama za kumwingiza chuo kikuu, humtoa mtoto aende akakae miaka minne mahali ambapo hapana mtu hata mmoja wa nyumba yake aliyepata kupatia macho, mahali palipojulikana kwa jina lililotokea katika kioo cha simu. Na ukimwuliza mbona mbuzi umewatafutia mpelelezi na mtoto hukumtafutia, hucheka kidogo, kisha hunyamaza.

Kunyamaza kwake ndiko kulikonifanya niyatafakari mas'ala haya ya kijana kusafiri peke yake kwenda kukitazama chuo kabla hajajiunga nacho, mas'ala ambayo katika miji mikubwa huzungumzwa kama jambo la starehe, baba akitafuta siku ya mapumziko ampeleke mwanawe kwa gari akaone maktaba na viwanja vya mpira, ilhali katika nchi kavu ya Isiolo ni jambo la masafa, la masurufu, la hofu, la sheria na hata la dini. Rai yangu, niitangulize mapema ili msomaji ajue ninamwongoza wapi, ni kwamba watu wa Sericho hawana haja ya kufundishwa desturi ya kigeni katika jambo hili, maana ilimu ya kutazama kabla ya kuhama wanayo tangu enzi za babu zao. Kilichokosekana ni kuwa hakuna aliyewafungulia mlango wa kuitumia hapa.

Sericho ni wadi ya Isiolo Kusini, katika eneo la Garbatulla, upande ambao mto Ewaso Ng'iro, ambao ndio huo Waso, baada ya kuteremka kutoka nchi za juu na kupita Archer's Post na Merti, huanza kuchoka ukielekea kupotelea katika kinamasi cha Lorian. Nchi ni tambarare, miti ni migunga na ule mmea wa kigeni tuuitao mathenge ambao umeziteka kingo za maji, na barabara ni ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika. Nao waliokuwapo mwezi wa Novemba 2023, mvua za El Niño zilipoikata njia ya Modogashe na Garissa, hawahitaji kuelezwa maana ya kijana kuitwa kwa tarehe maalumu na chuo kilicho ng'ambo ya mafuriko. Atakaye kutoka Sericho hana basi la kuchagua saa. Hungoja gari litakalopita, ama lori lililopakia mbuzi, ama Land Cruiser lililoleta miraa na sasa larudi tupu, akafika Isiolo amevaa vumbi la safari nzima, kisha kutoka Isiolo hadi Nairobi kuna kilomita zipatazo 280 za lami, na kutoka Nairobi, ikiwa chuo chenyewe kiko Eldoret au Maseno au Kilifi, safari ndiyo kwanza imeanza.

Asubuhi moja katika steji ya Isiolo nilimkuta kijana wa Sericho, mrefu, mwembamba, ananawa uso kwa maji ya chupa ili vumbi limtoke kabla hajapanda gari la Nairobi. Alikuwa na mkoba mmoja wa mgongoni na bahasha ya plastiki, na ndani ya bahasha nakala ya matokeo yake ya mtihani, ambayo nyuma yake alikuwa ameandika kwa kalamu nambari tatu za simu, kwa kuwa simu yake yenyewe haikushika moto zaidi ya nusu siku: ya ami yake wa Bulla Pesa, mtaa wa papo hapo Isiolo, ambaye kijana alikuwa amelala kwake usiku ule, ya binamu yake wa Eastleigh, ambaye angempokea jioni, na ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mtu wa Iresa Boru, ambaye kando ya jina lake palikuwa na maneno haya: asipopokea, mpigie saa mbili usiku. Nikamwuliza anakwenda kuanza chuo? Akasema, "La, mwalimu, nakwenda kutazama tu." Kutazama nini? Akainama kidogo kwa haya, akasema, "Baba amesema nitazame maji." Mimi nikacheka, nami nakiri ya kuwa kicheko kile kilikuwa cha ujinga.

Wengi hudhani hofu ya wazazi wa nchi kavu ni hofu ya mtoto kuwa peke yake. Sivyo. Mvulana wa Kiborana hupelekwa fora, yaani kambi ya mbali ya mifugo isiyokamwa, akakaa huko majuma na miezi pamoja na wenzake wachache, akalala nje, akajua nyayo za fisi na za mtu, akatafuta ngamia aliyepotea kwa siku mbili bila ya kumwuliza mtu njia, na hakuna mama anayesema mwanangu ni mdogo. Upweke wa nyikani haumtishi mtu aliyelelewa nao. Kinachotisha ni wingi wa mji, mahali ambapo kijana huzungukwa na watu elfu wasiomjua aila yake, ambapo salamu haimtambulishi, na ambapo mtu mwenye maneno matamu katika kituo cha magari huweza kuwa mwenyeji mwema na huweza kuwa mwizi, wala hapana wayo wa kumjulia. Kwa hiyo ukimwambia mzee wa Sericho kwamba kijana wa miaka kumi na minane amekuwa mkubwa na aachwe asafiri, hatakubishia ukubwa wake. Atakuuliza huko aendako atafikia kwa nani.

Na swali hilo la kufikia kwa nani lina historia nzito kuliko linavyosikika. Kwa sheria ya mwaka 1902 ya wilaya za pembezoni, na ile ya mwaka 1934 ya wilaya maalumu, serikali ya Kiingereza iliifunga nchi ya mpaka wa kaskazini hata ikawa mtu kuingia au kutoka ni kwa idhini, na babu wa kijana huyu niliyemkuta Isiolo, kama alitaka kwenda Nairobi, alihitaji cheti mkononi kama mtu anayevuka kwenda nchi ya wenyewe. Uhuru ulipokuja Desemba 1963 ulikuja pamoja na hali ya hatari katika sehemu hizo, vikafuata vita vya shifta hadi 1967, watu wa Waso wakakusanywa katika vijiji vya kulindwa, mifugo ikaangamia kwa kiasi ambacho wazee hawajaacha kukihesabu, na sheria zile za hatari hazikufutwa ila mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hata baada ya hapo kitambulisho cha mtu wa kaskazini kilipitia ukaguzi wa ziada ambao mwenzake wa Nyeri au Kakamega hakuujua, mpaka Rais William Ruto akatangaza mjini Wajir, Februari 2025, kuuondoa. Sasa fikiri: kijana anayemaliza kidato cha nne aghalabu ana miaka kumi na saba, kumi na minane, au kumi na tisa, yaani yuko palepale kwenye kizingiti cha kitambulisho, na nyumba ya wageni ya Nairobi yamtaka kitambulisho, askari kizuizini amtaka kitambulisho, mkopo wa masomo wa HELB nao huombwa kwa kitambulisho. Safari ambayo kwa mwenzake ni nauli tu, kwake yeye ni kuthibitisha kwamba ni mwananchi, kila penye mti uliolazwa barabarani.

Huenda akatokea mtu akaniambia ya kuwa wakubwa wetu hawakutazama kitu, na bado walisoma wakafaulu. Hoja hii nimeisikia mara nyingi katika baraza, nayo yastahili kujibiwa kwa utulivu. Ni kweli kwamba katika pwani yetu mwanafunzi alisafiri kutafuta ilimu bila ya kupeleleza. Waliokwenda Lamu kwa ajili ya msikiti na chuo cha Riyadha, alichokiasisi Habib Saleh, yeye mwenyewe akiwa mtu aliyetoka Ngazija, walitoka Mrima na visiwani wakiwa vijana wadogo, wakaingia jahazini na kupambazukiwa ugenini. Lakini hao walimwendea mwalimu, wala hawakuyaendea majengo, na sifa za mwalimu zilikuwa zimetangulia miaka mingi kwa vinywa vya watu waliosoma kwake. Tena kijana alibeba barua ya mtu kwenda kwa mtu, na barua ile ndiyo iliyokuwa nyumba yake ya kufikia.

Hali kadhalika Makerere, ambayo ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi na kufikia 1949 ikawa chuo kikuu kilichofungamana na London: kijana wa Kenya au wa Tanganyika aliyeitwa huko katika miaka ya arubaini na hamsini, Julius Nyerere mathalani, au Mwai Kibaki baada yake, hakuwa na haja ya kwenda kukitazama kwanza, kwa sababu katika Afrika Mashariki nzima cha kutazamwa kilikuwa hicho kimoja, na mwenye kisima kimoja hatumi mpelelezi. Ndege ya kwanza ya wanafunzi 81 iliyopangwa na Tom Mboya, ikaondoka Nairobi Septemba 1959 kwenda Marekani, ilibeba watu ambao hawakupata kuuona hata mji wanaouendea; na Wangari Maathai, aliyefuata mwaka 1960, alijikuta katika mji mdogo wa Atchison, jimbo la Kansas, chini ya watawa wa Kikatoliki, mahali ambapo hapana mtu wa Nyeri angeweza kupaeleza kabla. Walifaulu, ndiyo. Lakini walikuwa wachache, walichujwa kwa chujio jembamba, walipokewa na wenyeji waliokuwa wakiwangoja uwanjani, na ada yao ilikuwa imetafutiwa mlipaji kabla hawajapanda ndege. Leo Kenya ina vyuo vikuu zaidi ya 60, na wanaovuka mpaka wa alama ya C+ huhesabiwa kwa mamia ya maelfu kila mwaka. Visima vimekuwa vingi, vingine vitamu na vingine vya chumvi, na ada ya kunywa ni juu ya mwenye ng'ombe. Basi mfano wa Makerere haumfai mtu wa leo, wala si haki kumtwisha.

Tuitazame sasa njia yenyewe ambayo kijana huipitia, kwa kuwa hapa ndipo mahali ambapo kadhia hii imefungwa fundo. Kabla ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, vyuo vya serikali viligawana wanafunzi kupitia bodi yao ya pamoja, JAB. Baada ya hapo ikasimamishwa taasisi ya kuwapangia wanafunzi nafasi, ijulikanayo kwa herufi zake KUCCPS. Matokeo ya mtihani hutoka, siku hizi mwezi wa Januari. Kijana hufungua mtandao akachagua kozi na chuo kwa mpangilio wa mapendeleo. Kompyuta hupima alama zake na za wenzake kwa makundi ya masomo. Kisha, katikati ya mwaka, hutokea jina la chuo, na mwezi wa Agosti au Septemba huanza safari. Ukiyatazama haya kwa makini utaona mambo mawili. La kwanza ni kwamba kijana wa Sericho huchagua akiwa ndani ya saiba moja mjini, au kwa simu ya kuazima penye mnara wa mtandao, mara nyingine akichaguliwa na mwenye saiba mwenyewe ambaye ana foleni nyuma na hana wasaa wa kueleza tofauti ya kozi mbili zenye majina yanayofanana. La pili, ambalo laonekana dogo lakini ndilo la maana, ni kwamba baina ya Januari na Agosti kuna miezi saba ambayo kijana hana shule wala hana chuo, yuko nyumbani anachunga au anasaidia dukani, na miezi hiyo saba, ambayo ndiyo mahali pake hasa pa kwenda kutazama, hupita bila ya mtu yeyote kuiita kwa jina hilo.

Matokeo yake ni kwamba safari mbili zimefanywa moja: siku ya kukiona chuo ndiyo siku ya kujiunga nacho. Kijana hufika langoni na sanduku lake, fomu ya daktari imejazwa, picha za pasipoti zimekatwa, mchango wa harambee umetumika, na hata akiona kwa macho yake mwenyewe kwamba mahali hapafai, hana uso wa kurudi Sericho kusema hivyo mbele ya watu waliouza mbuzi wao. Utaratibu una mlango wa kuhama chuo kimoja kwenda kingine, hilo ni kweli. Ila mlango ule hufunguliwa kwa muda mfupi, na mwenye kujua kuutumia ni yule aliyetazama mapema.

Yapo, hata hivyo, mambo ambayo macho hayayaoni, nami sitaki kumdanganya mtu kwa kuitukuza ziara kupita kiasi. Ukitembea katika uwanja wa chuo utaona majani yaliyokatwa vizuri na sanamu ya mwasisi, lakini hutaona kama kozi ya uhandisi unayoitamani inatambuliwa na Bodi ya Wahandisi, jambo lililopata kuzua magombano makali baina ya bodi hiyo na vyuo na kuwaacha wanafunzi na shahada wasizoweza kuzifanyia kazi. Hilo ni la kuuliza, na la kuuliza kwa maandishi. Vilevile hutaona kitakachokupata kwa hesabu mpya ya ada iliyoletwa mwaka 2023, ambayo huwapanga wanafunzi kwa madaraja ya uhitaji na kuamua nani apate ufadhili kiasi gani na mkopo kiasi gani, hesabu ambayo mfugaji, mwenye mali mwaka wa mvua na asiye nayo mwaka wa ukame, haingii vizuri katika mizani yake. Wala kutazama hakuhitaji kuwa safari ya mbali: chuo cha Meru kiko Nchiru, na mtu aliyelala Isiolo aweza kwenda asubuhi na kurudi kabla ya magharibi, nacho chuo cha Garissa, kilichopata hati yake mwaka 2017, kiko njia ya Modogashe. Lakini nikitaja Garissa nimetaja asubuhi ya tarehe 2 Aprili 2015, walipovamiwa chuoni humo na kuuawa watu 148, wengi wao wanafunzi waliokuwa wamelala. Na mzazi wa kaskazini anayeuliza kama njia ina amani au haina haulizi kwa woga wa kike, kama wanavyosema watu wasio na adabu, huuliza kwa kumbukumbu.

Kuna kutazama kulikokosa mpango, ambako nako ni hasara. Mimi mwenyewe, nilipokuwa kijana, nilitoka kwetu pwani na kwenda kukitazama chuo kimoja ambacho sina haja ya kukitaja, nikafika Ijumaa jioni, nikaambiwa ofisi zimefungwa hadi Jumatatu. Nikalala kibarazani mwa msikiti siku mbili, nikala mandazi, nikaona geti, bawabu, na ubao wa matangazo uliochakaa, na Jumatatu fedha zikawa zimekwisha nikarudi nyumbani kabla ofisi haijafunguliwa. Niliulizwa chuo kikoje, nikasema kizuri. Sikuwa na ithibati yoyote.

Sasa nije kwa mabinti, ambao kadhia yao imejificha ndani ya kadhia hii kama mfupa ndani ya nyama. Binti wa Sericho aliyefaulu haambiwi asiende chuo; siku hizi wazazi wengi hawasemi hivyo, na anayesema huona haya kusema kwa sauti. Lakini akiomba ruhusa ya kwenda siku tatu kutazama, hukatazwa, na sababu itajwayo ni mahram: atasafiri na nani? Atatafutwa kaka wa kumsindikiza, na kaka atahitaji nauli yake na chakula chake, gharama itakuwa mara mbili, na kwa hiyo safari huachwa. Kisha mwezi wa Septemba binti yuleyule hupandishwa gari, mara nyingine peke yake kwa kuwa fedha zote zimeingia katika ada, akaenda kukaa miezi mitatu na nusu mahali asipopajua. Aliyenyimwa siku tatu amepewa muhula mzima! Nami sioni kuwa fikihi ndiyo iliyoleta mgongano huu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya pwani na ndiyo ya kaskazini, mwanamke ameruhusiwa kuiendea hija ya faradhi pamoja na kundi la wanawake waaminifu pale mahram anapokosekana, na wako wanazuoni walioitazama amani ya njia kuwa ndiyo kiini cha sharti lenyewe, wengine wakashikilia zaidi; mimi si mufti wala sitoi fatwa, ila nasema kwamba kundi la wasichana watatu wanne waliofaulu mwaka mmoja, wakiongozwa na mwalimu wao wa kike, wakafikia katika nyumba ya mtu mwenye kujulikana, ni jambo ambalo imamu yeyote wa Garbatulla aweza kulizungumza na wazazi bila ya kupandisha sauti, na kwamba ni amani zaidi kuliko safari ya Septemba.

Masurufu ndiyo sehemu ambayo maneno mazuri hufikia kikomo. Mifugo ni benki yenye kuota na kukauka. Baada ya ukame ulioanza 2020 na kuendelea misimu mitano mfululizo hadi 2023, mbuzi ambao zamani wangelipa nauli ya kwenda na kurudi walikuwa mizoga kando ya njia ya Lorian, na waliosalia walikwenda sokoni kwa bei ya huruma. Kumwambia mtu huyu auze mbuzi mwanawe aende kutazama majengo ni kama kumwambia anunue viatu ajaribu kama vinamtosha kisha anunue vingine. Katika Marekani, ambako safari hizi za kutazama zimekuwa desturi na ambako mwanafunzi aliyekubaliwa na vyuo kadhaa hupewa kwa kawaida hadi tarehe 1 Mei kuamua, baadhi ya vyuo vyenye mali vimeona jambo hili, vikawa vinawalipia vijana wa nyumba za kimasikini nauli ya ndege na malazi waje watazame. Na huko nako kijana wa miaka kumi na saba hukataliwa chumba na hoteli nyingi kwa sababu ya umri wake, hata ikabidi alazwe bwenini na wanafunzi wenyeji, jambo ambalo mwishowe humfunza zaidi ya hoteli. Sitaki tuige matembezi yao na fulana zao zenye jina la chuo. Lakini kanuni ya kwamba anayemtaka mgeni ndiye amlipie gharama ya kuja ni kanuni ambayo Mborana yeyote aijua, na fedha za msaada wa masomo zitolewazo na kaunti na maeneo bunge, ambazo leo hupelekwa chuoni baada ya mtoto kuingia, sijasikia sababu ya kuzuia sehemu yake ndogo isitumike kabla hajaingia.

Wala haihitajiki kila mtoto aende kila chuo. Aburu haifanywi hivyo. Wawili hutumwa, na kundi zima huishi kwa habari zao. Sericho, Modogashe, Garbatulla na Kinna zina vijana walio tayari ndani ya vyuo, mwaka wa pili, wa tatu, wa nne, wanaorudi likizo kwa ndugu zao, na kila mmoja ana habari ambazo hakuna kitabu cha chuo kinachozichapisha: chumba cha kupanga nje ya chuo ni kiasi gani na mwenye nyumba ni mtu wa namna gani, ni mawakala gani wanaopokea fedha za vyumba visivyokuwapo, maabara ina vifaa au ina makabati, mhadhiri huja au hutuma maandishi kwa simu, msikiti uko wapi, mgonjwa hupelekwa wapi usiku. Habari hizi leo hutolewa barazani na njiani, kwa anayebahatika kuuliza, kisha hupotea. Hazina mzee wa kuzikusanya kama habari za malisho zilivyo na wazee wa kuzikusanya. Shule ikimwita kila mwaka, mwezi wa Januari, mwanafunzi mmoja wa kila chuo aketi na kidato cha nne waliokwisha kumaliza, na katika wale waliomaliza wakachaguliwa wawili watatu waende kuhakikisha yaliyosemwa, peke yao au pamoja, wakiwa na orodha ya maswali mfukoni, kazi itakuwa imefanyika kwa nauli ya watu watatu badala ya watu arubaini. Na awe kijana anayekwenda, wala asiwe mwalimu kwa niaba yake, kwa sababu atakayeishi huko ni yeye, na jicho la mtu atakayekunywa huona kisima vingine kuliko jicho la mtu anayepita.

Yule kijana wa steji nilionana naye tena, miezi miwili baadaye, Isiolo palepale. Alikuwa amekwenda na kurudi. Alinieleza kwamba alifika chuoni siku ya Jumanne kama alivyopangiwa na mtu wa Iresa Boru, akalala katika chumba chake, na kwamba alfajiri aliamka kwa kelele za ndoo: bomba la bweni zima lilikuwa halina maji, na wanafunzi walikuwa wakiteremka na madumu kwenda kununua kwa mwenye mkokoteni nje ya uzio, dumu kwa dumu, kama wafanyavyo watu wa mjini wasio na mto. Alihesabu madumu ambayo mtu mmoja hutumia kwa juma, akaandika, akazidisha kwa majuma ya muhula. Aliuliza habari za kozi yake akaambiwa ni nzuri, akauliza tena kwa watu wawili wengine, mmoja wao akamwambia ni nzuri ila mazoezi ya kazini mwanafunzi hujitafutia mwenyewe. Aliporudi nyumbani baba yake alimkalisha na wazee wawili, wakamwuliza kwa utaratibu uleule, na yeye akajibu kwa karatasi mkononi, maji, chakula, maradhi, njia. Mzee mmoja akauliza majirani ni watu gani. Akasema chumba cha kulia kwake ni kijana wa Kisii anayesoma udaktari wa mifugo, ambaye alimwuliza usiku kucha habari za ngamia, na cha kushoto ni mtu wa Turkana ambaye mwanzo walitazamana kwa tashwishi, kisha wakapika ugali pamoja. Wazee wakatazamana. Baba yake akauliza bei ya dumu moja la maji ni ngapi, akatajiwa, akaomba karatasi aione mwenyewe.